Kutoa na Kudai

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Je, mtoaji akirudi kuuziwa kilichotokana na alichotoa? Mwaka 2007 Indonesia ilizuia sampuli zake za virusi vya mafua ya ndege zisiende kwa Shirika la Afya Duniani, ikilalamika kuwa chanjo zitokanazo nazo huuzwa kwa bei wasiyoimudu wanaougua. Walioilaumu walisema maradhi hayajui mipaka. Ni kweli, lakini hata dawa isijue mipaka. Anayetakiwa ukarimu ana haki ya kudai uadilifu. Mwaka 2011 mataifa yaliafikiana kwamba sampuli na manufaa yake viende sambamba, ila kwa virusi vya mafua tu. Haki ya ugonjwa mmoja ni mwanzo wa haki, si ukamilifu wake.