Je, Dhahabu Yaweza Kusema Uwongo?

Kwetu Maniema dhahabu si habari ya mbali. Huchimbwa kule Namoya, upande wa Kabambare. Lakini pete anayovishwa bibi arusi mara nyingi hutoka ng'ambo, na ndani yake pamechorwa namba ndogo. Namba hiyo maana yake nini? Na tena, je, mtu aweza kudanganya bila kutamka neno la uwongo?

Kwanza tufahamu jambo hili. Dhahabu tupu ni laini mno. Pete yake hupindika na kulika upesi. Kwa hiyo sonara, yaani mfua dhahabu, huichanganya na shaba au fedha ili ipate nguvu. Hata dhahabu itokayo ardhini mara nyingi ina fedha ndani yake. Basi kuchanganya si kosa. Dhahabu tupu huitwa ya karati 24. Ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika 1000. Ya karati 9 ina 375 tu. Zilizobaki ni madini mengine.

Nchi nazo hazipatani. Uhindi watu hupenda karati 22. Uingereza sheria hukubali hata sehemu 375, lakini chini ya hapo haiitwi dhahabu. Ujerumani huuzwa pete za 333. Basi pete iliyo dhahabu Berlin, London si dhahabu! Je, imebadilika njiani? Hasha. Lililobadilika ni jina. Watu waweza kupatana juu ya jina, lakini kipimo hakigeuki: 333 ni 333 popote. Jambo hili ni la zamani: mwaka 1300 mfalme Edward I wa Uingereza aliamuru dhahabu ya nchi yake isiwe duni kuliko kipimo cha Paris.

Sasa mfikirini mchuuzi aletaye kwetu pete ya karati 9. Anasema neno moja tu, "Dhahabu," kisha anataka bei ya karati 18. Ukimlaumu atajibu: "Sikusema uwongo. Nilikoinunua huitwa dhahabu. Asiyejua na aulize."

Neno lake ni kweli, lakini yeye ni mwongo. Mnunuzi hawezi kuuliza habari za kitu asichojua kuwa kipo. Uwongo haukai mdomoni tu; hukaa katika nia ya kumfanya mwenzako asadiki lisilo kweli. Ajuaye, akinyamaza ili alipwe kwa ujinga wa mwingine, amemwibia.

Kijana maskini anunuaye pete ya 375 kwa bei yake, naye akamwambia mchumba wake wazi, hana la kuonea haya. Pete hiyo ni ya haki. Lakini pete ya 750 iliyochorwa 916, ijapokuwa yang'aa kuliko ile, ni ya wizi.

Basi, ukinunua, soma namba. Ukiuza, taja namba kabla ya kutaja bei.