Sanduku la Kufuli Nne

Ibada ya Jumapili katika kanisa la Kilutheri huenda kwa utaratibu uliozoeleka. Watu huungama dhambi zao pamoja, husikiliza masomo na mahubiri, huimba, hutoa sadaka, na siku nyingine hushiriki Chakula cha Bwana. Mwisho mchungaji huwabariki, nao hutoka. Lakini katika sharika nyingi za mlimani Kilimanjaro, na katika sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki, wakiisha kutoka hawatawanyiki. Husimama uani, na vitu vilivyoletwa madhabahuni na wale wasiokuwa na fedha, kama vile mayai, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, au kibaba cha maharagwe, hunadiwa hapo hapo. Mpita njia asiyeijua desturi hiyo angedhani kuwa amefika gulioni.

Je, ibada imekwisha mnada unapoanza, au mnada nao ni ibada? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake limo lililo kubwa zaidi. Tunapomsaidia jirani mwenye shida, twamsaidia kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Mungu, kwa ajili yake yeye, au kwa ajili yetu wenyewe?

Katika Ulaya ya miaka zaidi ya mia tano iliyopita watu wengi walikuwa na jibu lao tayari. Mtu aliyempa maskini sadaka aliaminiwa kuwa amejiwekea akiba mbinguni, na maskini alitazamiwa kumwombea mfadhili wake. Kwa hiyo ombaomba aliyeketi mlangoni pa kanisa alikuwa na kazi yake: alikuwa ngazi ya kupandia tajiri. Fikiri, msomaji, jinsi jambo hilo lilivyo la ajabu. Kama maskini wasingalikuwako, tajiri angalipanda kwa nini? Hapakuwa na sababu kubwa ya kutamani kwamba umaskini wenyewe ukome.

Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg katika Ujerumani, aliivunja ngazi hiyo. Katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1520, juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba mtu hawezi kuununua wokovu kwa matendo yake; hupewa bure, naye huupokea kwa imani. Na kwa kuwa hana tena haja ya kujichumia kitu kwa matendo hayo, matendo yenyewe yamebaki huru, na wa kuyapokea ni jirani. Mwaka mmoja kabla yake, katika hotuba juu ya Chakula cha Bwana, alikuwa amekumbusha kwamba Wakristo wa zamani walipokutana kwa chakula hicho walileta vyakula na mali, vikagawiwa wahitaji. Kushiriki mkate mmoja na kumwacha mwenzako na njaa yalikuwa kwake mambo yasiyopatana. Walutheri wa Tanzania huliita kusanyiko lao usharika, na kila mmoja wao ni msharika. Neno hilo latoka katika shina moja na shirika na kushiriki. Aghalabu hulitamka pasipo kulisikiliza.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa sadaka hainunui mbingu, nani atatoa? Swali hili ni la haki, na historia hailijibu kwa namna ya kutufurahisha. Luther mwenyewe alilalamika mara nyingi kwamba watu waliotoa kwa wingi siku za hofu walikuwa wachoyo walipoambiwa kuwa wako huru. Binadamu akiondolewa hofu hapati upendo papo hapo. Pengine hupata nafasi tu.

Mwaka 1523 watu wa Leisnig, mji mdogo katika nchi ya Saxony, walijaribu kuijaza nafasi hiyo, na Luther aliandika dibaji ya kanuni yao ilipopigwa chapa. Waliazimia kuwa na sanduku moja la jamii, likae kanisani mahali palipo salama. Sanduku lilikuwa na kufuli nne zisizofanana. Ufunguo mmoja ulikuwa wa makabaila, wa pili wa baraza la mji, wa tatu wa wenyeji wa mjini, na wa nne wa wakulima wa vijijini. Hapana mmoja aliyeweza kulifungua peke yake. Wasimamizi walikuwa kumi: makabaila wawili, wawili wa baraza, watatu wa mjini na watatu wa vijijini, nao walitakiwa kukutana kila Jumapili. Mara tatu kwa mwaka jamii yote ilipaswa kukusanyika na kuelezwa hesabu. Kanisani yalitakiwa kuwekwa mapipa mawili ya kutilia mikate, jibini, mayai na nyama, pamoja na kisanduku cha fedha. Mayai, tazama, yalikuwako Leisnig kama yalivyoko Kilimanjaro! Kwa mali hiyo walikusudia kuwalipa mchungaji na mwalimu, kulea yatima, kuwatunza wazee na wagonjwa, kumkopesha fundi aliyeanguka ili ainuke tena, na kuweka akiba ya nafaka kwa mwaka wa njaa. Kuombaomba kulikatazwa.

Nisilisifu kupita kiasi. Kanuni ile ilikuwa na ukali wake, kwani watawa wenye kuomba na wageni wenye kuzurura walifungiwa mlango. Tena baraza la mji lilikataa kukabidhi mali iliyokuwa mikononi mwake, na sanduku likakaa na upungufu. Kufuli nne zaweza kuuzuia mkono usitoe kitu sandukuni. Haziwezi kuulazimisha utie.

Hata hivyo nimelipenda sanduku lile tangu niliposoma habari zake, na sababu yangu si ya kitabuni. Nilipokuwa kijana baba yangu aliugua, na mtu mmoja wa usharika wetu akanilipia karo ya mwaka mzima. Jumapili moja mzee wa kanisa aliniita mbele, akanisimamisha kando ya meza ya sadaka, akalitaja jina la mfadhili wangu, kisha akaniambia nishukuru. Nilishukuru. Mfadhili aliinamisha kichwa kwa adabu, watu wakapiga makofi, na wavulana wenzangu waliokaa safu ya mbele wakaitazama miguu yangu, ambayo haikuwa na viatu. Nia ya mzee yule ilikuwa njema, na deni langu kwa mfadhili ni la kweli mpaka leo. Lakini kwa muda wa miaka mitatu nilizunguka kwa njia ya nyuma ili nisipite mbele ya duka lake. Alikuwa jirani yetu, na tokea siku ile nilimkimbia kama mtu anayenidai.

Fedha ikiisha kuingia katika sanduku la jamii haijulikani tena kuwa ilikuwa ya nani. Shilingi ya mwenye duka na senti ya mjane hulala pamoja gizani. Anayepewa hupokea kama msharika apokeavyo fungu lake, wala halazimiki kuyakariri majina ya watu anapokula. Iko na sababu ya pili. Jicho la mfadhili huona pale linapopenda: humwona mtoto mwenye akili darasani, halimwoni kizee mwenye kidonda kinachonuka. Wasimamizi wenye daftari hawana budi kuwaona wote wawili.

Walakini sanduku lina hatari yake, nayo nimeishuhudia. Mtu hutia sadaka yake asubuhi, kisha hurudi nyumbani akiamini kwamba jirani amekwisha kushughulikiwa. Nimewahi kumsikia mtu akimwelekeza mgonjwa kwa kamati ya kanisa, na haja ya mgonjwa ilikuwa ni kuchotewa maji, na kisima kilikuwa uani kwa mtu yule yule aliyemwelekeza.

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala akamtaka Luther aondoke pia. Alibaki, pamoja na mchungaji Johannes Bugenhagen, na nyumba yake ikapokea wagonjwa ingawa mkewe, Katharina, alikuwa mja mzito. Wachungaji wa mji wa Breslau walikuwa wamemwuliza kama ni halali kwa Mkristo kukimbia maradhi ya kufisha, na mwaka huo huo jibu lake lilipigwa chapa. Wanaotafuta maneno makali ya ushujaa hawatayapata humo. Alikiri kwamba kuyaokoa maisha si dhambi, na kwamba aweza kuondoka mtu ambaye hapana anayemtegemea. Wasioweza kuondoka ni wale waliofungwa na kazi yao: mchungaji, hakimu, mzazi, na hata jirani, ikiwa akienda hapana mwingine wa kushika mahali pake. Aliona kuwa ni heri miji iwe na nyumba za kuwatunzia wagonjwa, lakini pasipokuwapo nyumba hizo mzigo huwarudia majirani wenyewe. Aliwakemea vile vile wanaojitia hatarini ovyo. Aliwataka watumie dawa, wafukize nyumba zao, na wasiende wasikohitajiwa, mtu asije akampelekea mwenziwe kifo.

Kwa fikira zangu, basi, sanduku ni la shida zinazohesabika: karo, dawa, mbegu, bati la paa. Lakini usiku wa homa hauandikiki katika daftari, na wa kuuitikia ni yule ambaye nyumba yake iko karibu. Hapo ndipo imani ya kanisa zima hutegemea kama mtu mmoja ataamka kitandani au atajigeuza upande wa pili. Hakuna wasimamizi kumi wanaoweza kumwamkia.

Miaka michache iliyopita nilisimama katika mnada wa namna ile niliyoieleza. Mlikuwamo yai moja, lililoletwa na bibi mmoja mzee. Mnadi aliliinua juu. Kijana mmoja alilinunua kwa bei ya mayai kumi, akalirudisha linadiwe tena, kama ilivyo desturi. Likanunuliwa mara ya pili, likarudishwa. Mara ya tatu alilinunua mama mwenye mtoto mgongoni, kwa bei ndogo kuliko zote, wala hakulirudisha. Alilifunga katika ncha ya khanga yake. Na mnadi, ambaye hapana shaka aliijua hali ya nyumbani kwake, akainua upesi mkungu wa ndizi akapaza sauti.