Boti Ikibadilishwa Injini, Ahadi Inakwenda Wapi?

Ndugu msomaji, usicheke. Nataka kuzungumzia falsafa, na nitaanzia kwenye injini ya boti. Sisi tulioishia kidato cha nne hatukufundishwa falsafa darasani. Mimi ilinikuta ziwani, hapa Musoma, nikiwa na grisi mikononi.

Babu mzaa mama alikuwa na boti ya faiba, futi 20, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Jina lake Subira. Haikufanana na mitumbwi yetu ya mbao. Injini yake ya dizeli ilikaa ndani, na mguu wenye pangaboi ulitokea nje kupitia tundu kubwa lililokatwa kwenye ukuta wa nyuma. Nusu ya mtambo chomboni, nusu majini. Pale Mwigobero watu waliitambua kwa mlio kabla hawajaiona.

Waliijua pia kwa jambo jingine. Bibi alifariki kwa uzazi kisiwani Rukuba, akisubiri mtumbwi wa kasia. Babu alipopata boti, alitamka mbele ya watu: katika chombo hiki, mgonjwa halipi nauli. Alipokuwa anaumwa ugonjwa uliomwondoa, alimwachia Mjomba boti pamoja na neno hilo. Nilikuwepo. Mjomba aliitikia "Ndiyo, baba" mara mbili.

Miaka ikapita, mtambo ukachoka. Giya za ule mguu zililika. Spea Musoma hakuna, Mwanza hakuna. Kibaya zaidi ni ule mpira wa mikunjo-mikunjo unaozuia maji yasiingie pale tundu lilipo. Ukipasuka, ziwa linahamia ndani ya boti, na wa kwetu ulikuwa umeshaanza nyufa. Asubuhi mbili mfululizo tulikuta maji yamefika kwenye injini. Fundi akasema dawa ni moja: toeni injini ya ndani, zibeni tundu, wekeni injini ya kupachika.

Kazi hiyo nimeifanya kwa mikono yangu. Tulipong'oa mtambo tulikuta mbao zilizo ndani ya ukuta wa nyuma zimeoza. Tukakata uozo wote, tukaingiza mbao mpya, tukafunika kwa tabaka za faiba na gundi yake mpaka tundu likapotea. Hapo hapataki ubabaishaji, kwani ukuta huo ndio utakaobeba uzito wa injini na msukumo wake. Mimi nilitumwa Bunda kwa fundi wa kuchomelea, nikarudi na breketi, yaani kibebeo cha chuma kinachofungwa kwa bolti nyuma ya boti ili injini ining'inie nje kabisa, kama futi mbili kutoka ukutani. Tukapachika Yamaha ya hosipawa 40, ya mkopo. Siku ya kwanza boti ilikaa matako chini, pua juu, maana uzito wote ulihamia nyuma. Tukasogeza tangi la mafuta na nanga mbele, ikatulia. Ndani pakawa peupe. Tukapata nafasi ya abiria wanne zaidi.

Wiki ya pili tulilala Rukuba. Usiku akaja kijana mmoja na mkewe, uchungu umeshamshika. Mjomba akasema elfu thelathini.

Nikamnong'oneza, "Mjomba, si boti ya Mzee hii?"

"Boti ya Mzee ilikufa, mjomba. Injini nimeuza, mguu nimeuza. Hii ni nyingine. Na hii inakunywa petroli, haili ahadi."

Kijana hakuwa na pesa. Akaleta nyavu zake, akaziweka rehani. Aliyezipokea ni mimi. Nikaandika deni kwenye daftari langu, lile lile ninaloandikia riwaya yangu. Alfajiri mama yule alijifungua salama huku Musoma. Na kwa kuwa mambo yaliishia vizuri, hakuna aliyesema neno.

Mimi nilishindwa kulala. Sasa hebu tujiulize: je, Mjomba alisema kweli kwamba ile ni boti nyingine?

Swali lenyewe ni la kale. Plutarko, mwandishi wa Kigiriki, alisimulia kwamba watu wa Athene waliitunza meli ya shujaa wao Theseus, wakitoa kila ubao uliooza na kuweka mpya. Wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema meli ni ile ile, wengine wakakataa. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza chumvi: je, mtu akiziokota zile mbao kuukuu na kuunda meli nyingine, ipi ndiyo yenyewe?

Kwetu chumvi hiyo ipo. Injini ya zamani ya Subira iko Kibara, wilayani Bunda, inasaga mahindi. Kama ahadi ilikaa kwenye injini, basi mwenye mashine anapaswa kuwasagia wagonjwa bure! Nilipomwambia Mjomba hivyo alicheka mwenyewe. Tena tazama meli ya MV Victoria. Mwaka 2020 ilirudi safarini baada ya ukarabati mkubwa, ikiwa na injini mpya, hata jina likaongezwa: New Victoria Hapa Kazi Tu. Ingekuwa ilikuwa na deni la mtu, nani angethubutu kumwambia mdai kwamba deni liling'olewa pamoja na injini?

Nilikosana na Mjomba, nikaenda kukaa siku chache kwa mama mdogo, Butiama. Nikapita kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere. Pale nikakumbuka kwamba huyu mzee, pamoja na mzigo wa Ikulu, alikaa akatafsiri tamthilia ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mnaikumbuka kesi ile: mdai ameandikiwa haki ya kukata ratili ya nyama ya mwenzake, akashindwa kwa sababu hati haikutaja damu. Tulipoisoma shuleni tulishangilia, maana hila ya maneno iliokoa roho ya mtu. Mjomba naye amepata hila ya maneno, kwamba Babu alisema "chombo hiki", naye amebadili chombo. Ila hila yake inamwacha mgonjwa ufukweni. Hila ni ile ile; tuitazame inamwokoa nani na inamtupa nani.

Kuna jambo jingine lililonifungua macho. Asubuhi pale mwaloni Mjomba anaita abiria, "Pandeni Subira, boti ya Mzee!" Jina hakulifuta. Watu wanapanda kwa sababu ya jina hilo, kwa sababu ya wagonjwa ambao Babu aliwavusha. Kwa kuita nauli, boti ni ile ile. Kwa kubeba mgonjwa, ni nyingine. Faida ya jina anaipokea, deni la jina analikana. Hapo, ndugu zangu, falsafa imekwisha, kilichobaki ni ujanja.

Simlaumu kwa kila kitu. Mkopo ni wa kweli, petroli ni ghali. Inawezekana kweli hawezi kubeba kila mgonjwa bure. Basi asimame Mwigobero mchana, mbele ya wale waliomsikia Babu, aseme, "Nimeshindwa, nisaidieni." Pengine watu wangechanga mafuta. Aliyelemewa na ahadi husaidiwa, lakini anayesema ahadi haipo utamsaidia kubeba nini?

Nami je? Mimi niliyetaka kuwa mwandishi, mtetezi wa wanyonge kwenye karatasi, nilinong'ona mara moja tu, kisha nikashika kalamu na kuandika deni. Boti nimeifahamu mpaka bolti zake, na ahadi niliisikia kwa masikio yangu. Nayo ilinifunga hata mimi.

Nyavu bado ziko stoo kwetu. Jumamosi nazirudisha Rukuba, kwa boti hiyo hiyo, na nauli yangu nitalipa. Mjomba akinuna, na anune.