Thawabu ya balaa lisilotokea

MIAKA kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya msikiti mmoja hapa Sumbawanga. Tulikuwa na fedha kidogo za michango, na mambo mawili mbele yetu. Mzee mmoja alitaka tuchimbe mtaro nyuma ya madrasa, kwani maji ya mvua yalikuwa yakisogea mwaka hadi mwaka. Sisi wengine tulisema fedha ziende kwa waliokumbwa na mafuriko mkoa mwingine, maana wale walikuwa wamekwishalala nje. Hoja yetu ikashinda. Tukakabidhi msaada, tukapigwa picha, tukarudi nyumbani tumeridhika.

Msimu wa mvua uliofuata ukuta wa madrasa ulianguka usiku. Alhamdulillah, hapakuwa na mtoto ndani. Ijumaa iliyofuata watu walichanga kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Yule mzee naye alichanga, wala hakusema neno. Ukimya wake ndio ulionifanya nijiulize: kwa nini mikono yetu ni myepesi baada ya balaa na mizito kabla yake?

Sisemi tulikosea kuwasaidia wenzetu. Nasema hatukumhesabu mtoto wa madrasa kuwa mhitaji, kwa kuwa shida yake ilikuwa bado haijafika. Mhanga wa leo ana sura, na kilio chake kinasikika. Wa kesho hana sura, ingawa huenda ni mwanao mwenyewe.

Wapo watakaosema kuwa mafuriko na matetemeko ni kudra ya Allah, kwa hiyo mtaro hauzuii kitu. Lakini ndugu msomaji, Nabii Yusuf (a.s.) alijulishwa kuwa miaka ya njaa inakuja, na hakukaa kuisubiri. Alishauri nafaka iwekwe akiba katika miaka ya neema. Hapa kwetu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi ya wakulima wa Ufipa na kuyahifadhi kwa ajili ya siku ya upungufu. Je, nani anasema maghala yale ni dharau kwa kudra?

Tuna mfano mwingine karibu zaidi. Ukiteremka kutoka uwanda wa Ufipa unafika bonde la Ziwa Rukwa, ambalo ni moja ya mazalio ya nzige wekundu. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige hao walisambaa sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika na kula mazao ya watu ambao hata jina la Rukwa hawakuwahi kulisikia. Ndipo serikali za wakati huo zilipokubaliana mwaka 1949 kuanzisha huduma ya pamoja ya kuwadhibiti pale wanapozaliwa, yenye makao Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Mwaka 2009 nzige walipozidi katika mbuga za Rukwa, Iku na Malagarasi, walinyunyiziwa dawa ya ukungu unaoua nzige, na uvamizi mkubwa ukazuiwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kuwa mazao ya watu wapatao milioni 15 yangeweza kuathirika.

Sasa jiulize, kati ya watu hao ni wangapi walishukuru? Hakuna anayemshukuru mtu kwa nzige ambao hakuwaona. Ndiyo maana si ajabu kazi kama hii ikawa ya mwisho kukumbukwa fedha zinapogawanywa.

Hali ni hiyo hiyo kwa fedha za serikali zinazopelekwa vijijini. Kupitia TASAF, mfuko ulioanza mwaka 2000, kaya maskini hulipwa ujira kwa kuchimba malambo, kupanda miti na kutengeneza makinga maji. Nimewasikia watu wa mjini wakicheka: mtu analipwaje kwa kuchimba mtaro wa mlangoni kwake? Mwenye kucheka asahau kwanza kwamba maskini anayeacha kibarua ili achimbe mtaro, watoto wake hulala na njaa siku hiyo. Na maji anayoyazuia yeye juu ya mlima hayawafikii walio bondeni. Ujira ule si hisani, ni haki yake.

Lakini kuna hatari ambayo lazima tuiseme. Msaada wa baada ya maafa una mashahidi: wahanga wanajua kama blanketi limefika. Fedha ya kinga haina shahidi. Mtaro uliochimbwa nusu na mtaro uliokamilika hufanana wakati wa kiangazi, na aliyekula saruji ya ukuta huwa salama mpaka siku ya mvua. Siku hiyo naye atasema ni kudra. Hii ndiyo amana nzito kuliko zote, kwa kuwa asiyemwogopa Allah haoni wa kumwogopa.

Basi tusiwaachie viongozi peke yao. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ni wangapi kati yetu tunaowajua wajumbe wa kamati ya mtaa wetu? Ni nani aliyewahi kuwauliza, wakati wa jua, fedha ya mtaro iko wapi? Kuuliza baada ya ukuta kuanguka ni rahisi, na kila mtu hufanya hivyo. Kuuliza kabla ni kazi ya mwenye kujali.

Madrasa yetu ilijengwa upya, na safari hii mtaro ulichimbwa kwanza. Mvua zimepita mara kadhaa na hakuna kilichotokea. Hakuna aliyepiga picha. Yule mzee amekwisha tangulia mbele ya haki, na sikuwahi kumwomba radhi. Namwombea kwa Allah amlipe kwa kila ukuta ambao haukuanguka.