Mji Alioonyeshwa Ezekieli Uhamishoni



Wengi huruka Ezekieli sura ya 40 hadi 48 kwa sababu zimejaa vipimo: malango, kuta, vyumba, dhiraa kwa dhiraa. Tuanze basi na tarehe. Sura ya 40 inasema ulikuwa mwaka wa 25 wa uhamisho, na wa 14 tangu Yerusalemu kupigwa. Ezekieli, kuhani, alichukuliwa pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 K.K. Waliwekwa karibu na mto Kebari, na huko mke wake alifariki. Kwa hiyo njozi hii ni ya mwaka 573 K.K. hivi. Waliozaliwa Kebari walikuwa watu wazima sasa. Yerusalemu waliusikia kwa wazee tu, kama watoto wetu wanavyosikia habari za vijiji vyetu.

Mungu hakumpa tarehe ya kurudi. Amri ya Koreshi ilitoka 538 K.K., miaka 35 baadaye, na Biblia haisemi kama Ezekieli aliiona. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaohubiri kwamba njozi hii inatangaza ndege za kwenda Marekani, ama kwamba mwaka huu sote tunarudi nyumbani. Sioni hilo katika sura hizi. Ndugu, usiuze mbuzi wako kwa unabii wa namna hiyo.

Alichoonyeshwa ni mji wenye haki. Katika 46:18 mkuu anakatazwa kuwanyang'anya watu urithi wao na kuwatawanya. Mjane aliyesikia kwamba shamba la mumewe limeandikwa jina la mkubwa fulani anauelewa mstari huu kuliko mwalimu wa chuo cha Biblia. Na 45:10 inadai vipimo vya kweli. Hapo tunaguswa sisi pia, tunaopimiana unga sokoni kwa kopo lililobonyezwa chini.

Halafu 47:22-23, someni mara mbili. Nchi inagawanywa kwa kura, na mgeni anayekaa kati yao na kuzaa watoto anapata fungu katika kabila lile anakoishi, sawa na mwenyeji. Ezekieli anaambiwa hayo akiwa mwenyewe mgeni. Kwetu watu wameuawa kwa swali la nani mwenyeji na nani wa kuja. Swali hilo tumevuka nalo mpaka. Tunalisikia kwenye foleni ya maji, na hata tunapochagua wazee wa kanisa, na inanihuzunisha.

Mwisho wa sura ya 48 mji unapewa jina linalosema kwamba Bwana yuko pale. Lakini katika sura ya 1 Bwana alikuwa amekwisha kumjia Ezekieli palepale Kebari, kati ya wahamishwa, na katika 11:16 anajiita patakatifu pao huko walikotawanywa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ataanza kutenda haki atakapofika nyumbani.

Jumapili tutasoma sura ya 47 pamoja. Mwenye Biblia ya lugha ya kwao aje nayo. Wale wanaogombea mipaka ya bustani wabaki baada ya ibada, tukae na wazee. Kamba ya kupimia italetwa.