Nani Katoa Ruhusa ya Kuupinda Mti?

Anayetaka kuanza bonsai, sanaa ya kulea mti mdogo chunguni, kwa gharama ndogo hanunui mti uliokwisha kutengenezwa. Huenda kitaluni, akaipita miche mizuri iliyonyooka, akainama penye ile iliyosahauliwa pembeni: fikasi ya uzio iliyokaa kwenye kiriba hadi mizizi ikatoboa chini, au bogenvilia yenye shina nene na matawi ya ovyo. Hukwangua udongo wa juu kwa kidole aone mahali shina linapotanuka kuwa mizizi. Pakimpendeza, hulipa. Nyumbani huikata fikasi huku utomvu mweupe ukimchirizika vidoleni, hupunguza mizizi, huviringisha waya wa aluminiamu kwenye matawi na kuyapinda yaelekee anakotaka yeye.

Hapo ndipo jirani huuliza: mti huu umekukosea nini?

Swali hilo si la mzaha, wala si la jana. Katika karne ya 14, mtawa wa Kijapani Yoshida Kenkō alisimulia katika Tsurezuregusa kisa cha Hino Suketomo, mtu wa baraza la mfalme. Suketomo alijikinga mvua langoni mwa hekalu la Tōji, Kyoto, palipojaa watu wenye viungo vilivyopinda. Mwanzoni aliwatazama kwa mshangao, kila mmoja na umbo lake. Haikuchukua muda, akachukizwa. Aliporudi nyumbani, miti yake ya vyunguni, aliyokuwa akiipenda kwa mipindo yake, ikamtia kinyaa kilekile. Akaing'oa na kuitupa. Wasiopenda bonsai hukishika kisa hiki kama ushahidi. Lakini kina tundu: hakuna tunapoambiwa kwamba Suketomo aliwapa wale watu hata tonge.

Shitaka zito zaidi lilitoka China. Mwaka 1839 mshairi Gong Zizhen aliandika kwamba amenunua vyungu 300 vya miti ya plamu na kuikuta yote ni migonjwa, kwa kuwa wauzaji walijua wateja wasomi hupenda mti uliojikunja kuliko ulionyooka. Aliililia siku tatu, kisha akavunja vyungu, akaifungua kamba, akaipanda ardhini na kujipa miaka 5 ya kuiponya. Msomaji wa enzi ile hakuhitaji kuelezwa kwamba miti hiyo ni vijana wenye vipaji waliokuwa wakipogolewa na utawala wa Qing.

Mswahili anayemsoma Gong hujikuta pagumu kidogo. Amelelewa kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi, na ya udongo uwahi ungali maji. Kwake kukunja ni malezi, na asiyekunjwa mapema ndiye wa kuhurumiwa. Gong angemuuliza: umemkunja kwa faida ya nani?

Wapo wenye hofu ya dini. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu, na anayeuona mti wa miaka 40 ukiwa na kimo cha goti anaweza kujiuliza kama hapa maumbile hayakubadilishwa. Kibiolojia hayakubadilishwa. Bonsai si jamii ya miti mbilikimo. Ncha ya mti hutoa homoni ya auksini inayozuia vichipukizi vya chini. Ikikatwa, vichipukizi hivyo huamka na mti hujaa ubavuni badala ya kurefuka. Hilo, pamoja na udongo mchache, ndilo linaloushusha kimo. Mbegu yake ikipandwa shambani itatoa mti wa kimo cha kawaida, na wenyewe ukirudishwa ardhini utaanza tena kukimbilia juu.

Tena, anayesikitikia bonsai huku ameshika kikombe cha chai ana kesi ya kujibu. Mchai ni mti. Ukiachwa unapita kichwa cha mtu mara kadhaa, na aina ya Assam huweza kuzidi mita 10. Kericho na Mufindi unashikiliwa kiunoni mwa mchumaji kwa miongo, ukichumwa na kupogolewa, na hakuna aliyewahi kuvililia vilima vile siku tatu. Itajibiwa kwamba chai inanywewa na bonsai inatazamwa tu. Ni kweli, ila hoja hiyo ikikubaliwa, waridi la uani nalo lina kesi. Mti hauna neva wala ubongo. Madai kwamba unateswa ni mepesi.

Lisilo jepesi ni bei. Wanaoanza hushauriwa wanunue miche ya bei rahisi ili ikifa wasiumie. Kama somo la mikono, ushauri ni mzuri. Kama somo la moyo, una walakini, kwa sababu unamzoesha mtu kuona uhai wa bei ndogo kuwa ni wa kuchezea. Ulaya na Marekani mwathirika wa kawaida ni juniperi, jamaa ya mtarakwa. Mtu huiweka sebuleni, nayo ni mti wa nje. Hufa, lakini hubaki kijani kwa wiki kadhaa, na mwenyewe anaendelea kuimwagilia maji maiti. Waya nao, ukisahaulika huku tawi likinenepa, huzama kwenye gome na kuacha kovu la miaka. Huo si mpindo tena, ni uzembe.

Kinyume chake kipo Washington, katika jumba la makumbusho la bonsai la bustani ya taifa ya miti: msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kulelewa chunguni mwaka 1625. Bomu lilipoangushwa Hiroshima, Agosti 6, 1945, ulikuwa nyumbani kwa familia ya Yamaki, kilomita 3 hivi kutoka mlipuko, na ukuta ukaukinga. Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Walioutunza hawakuijua habari ya bomu mpaka wajukuu zake walipofika mwaka 2001. Msonobari wa msituni haumhitaji mtu. Huu wa chunguni usingevuka kiangazi kimoja bila wa kuumwagilia, na kwa karne karibu nne hajawahi kukosekana.

Je, deni hilo la kuutunza mti lina mwisho? Mchezo wa jukwaani wa Kijapani, wa aina ya nō, uitwao Hachi no Ki unasema lina mwisho. Sano Genzaemon, shujaa aliyenyang'anywa mali, amegawa miti yake yote ya vyunguni isipokuwa mitatu: plamu, cheri na msonobari. Usiku wa theluji anabisha hodi mtawa msafiri, na kuni hamna. Sano anaikata yote mitatu na kumwashia moto. Mgeni ni Hōjō Tokiyori, mkubwa wa serikali ya Kamakura aliyejibadilisha, na baadaye anamlipa mashamba matatu yenye majina ya miti ileile. Watazamaji huyapenda malipo hayo. Kwa swali la jirani hayana uzito: Sano alipolishika panga hakujua mgeni wake ni nani.