Faili la Nani?

Hebu tuanze na maneno ambayo kila aliyewahi kukanyaga ofisi ya umma anayajua: "Faili halionekani." Ukiyasikia, unatambua mambo mawili. Kwanza, kwamba faili lipo. Pili, kwamba kati yako na hilo faili yupo mtu, na mtu huyo ana njaa, au ana kiburi, au anamwogopa bosi wake, au siku hiyo kachoka tu. Njoo kesho. Njoo Jumatatu. Mhusika kasafiri, yuko kwenye semina. Baba zetu wamezeekea kwenye mabenchi ya namna hiyo, na wapo waliokufa huku mafao yao bado "yanashughulikiwa".

Sasa kimekuja kitu kinachoahidi kuliondoa benchi lenyewe. Unakaa zako maskani na simu mkononi, unaandika swali kwa ofisi ya serikali, unabonyeza, basi. Waingereza walianzisha tovuti yao iitwayo WhatDoTheyKnow mwaka 2008, wakiegemea sheria yao ya uhuru wa taarifa ya mwaka 2000. Jirani zetu wa Uganda, ambao sheria yao ni ya mwaka 2005, wakaanzisha ya kwao mwaka 2014 kwa jina la Ask Your Government. Utaratibu ni mwepisi. Swali linawekwa hadharani, siku zinahesabiwa hadharani, na jibu likija linasomwa na yeyote. Ofisi ikinyamaza, kunyamaza kwake nako kunaonekana. Ukimya wa kaunta haukuwa na shahidi, lakini ukimya wa tovuti una tarehe. Mimi nasema hilo ni jambo kubwa, na anayelibeza hajawahi kuzungushwa.

Lakini nina swali ambalo halinipi usingizi, na ninaliweka mbele yenu vijana wenzangu mnaotaka kuandika. Tunapoomba faili kwa njia hii, tunaomba mali ya nani? Ya ofisi inayolitunza? Ya raia anayeliomba? Au ya yule ambaye jina lake limeandikwa ndani?

Niliulize swali hili huku kwetu nyanda za juu za Kigoma, maana lina anwani. Anwani yake ni Mtabila.

Ukiandika leo neno "Mtabila" kwenye simu utakutana na orodha za majina. Ni majina ya wahitimu wa kidato cha sita wanaopangiwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, maana Mtabila ni kambi ya JKT, kikosi cha 825 KJ, wilayani Kasulu. Vijana wa mjini wanalijua jina hilo kwa mchakamchaka na kulima. Kabla ya hapo Mtabila ilikuwa jina la kambi nyingine. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa malaki, wakagawanywa Kasulu, Kibondo na Ngara, na Mtabila ikawa mji wa turubai na udongo. Watoto walizaliwa pale, wakasoma pale kwa mtaala wa Burundi, wakaoa na kuolewa pale. Mwaka 2011 wakaaji wake wakahojiwa mmoja mmoja: kwa nini hutaki kurudi? Unamwogopa nani? Ilikuwaje? Wasiofika 3,000 wakaonekana bado wanahitaji hifadhi. Wengine, takriban 38,000, hadhi yao ya ukimbizi ikakomeshwa mwaka 2012, na kwa miezi ya mwisho ya mwaka huo zaidi ya 30,000 wakarudishwa kwao. Tarehe 31 Desemba 2012 kambi ikafungwa.

Miaka miwili na ushee baadaye, Aprili 2015, Burundi ikawaka tena kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na watu wakavuka tena mpaka uleule. Wakapelekwa Nyarugusu, kisha Nduta na Mtendeli.

Mfikirie basi kijana aliyezaliwa Mtabila mwaka 1998. Mwaka 2012, akiwa na miaka 14, anapakiwa kwenye basi la kwenda nchi ambayo hajawahi kuiona. Mwaka 2015 anarudi, na safari hii yuko Nduta. Maisha yake yote yameandikwa na watu wengine: kadi ya kliniki, karatasi ya kuzaliwa, kadi ya chakula, cheti cha shule, na yale mahojiano ya 2011 ambamo mama yake alieleza mambo ambayo pengine hakumweleza hata yeye. Kijana huyu anataka kujua kilichoandikwa. Ni tamaa ya kawaida kabisa ya binadamu. Abishe wapi hodi?

Mlango wa kwanza ni sheria yetu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, namba 6 ya mwaka 2016, inaitaka kila taasisi ya umma iwe na ofisa wa taarifa, na inampa mwombaji jibu ndani ya siku 30. Nzuri. Lakini isome vizuri: haki hiyo ni ya "mtu", halafu sheria inafafanua kwamba mtu maana yake ni raia wa Jamhuri ya Muungano. Mlango umefungwa. Na tusijione wabaya peke yetu, maana sheria ya Kenya ya mwaka 2016 na ile ya Uganda nazo zinamtaja raia. Mlango wa pili ni Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lenye makao Geneva, ambalo sheria za nchi kuhusu taarifa hazilibani. Mlango wa tatu ni kwenda kwa miguu ofisi hadi ofisi, ila Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 haimruhusu kutoka kambini bila kibali. Yaani chombo pekee ambacho kingeweza kumvusha uzio bila miguu, yaani swali linalotumwa kwa simu, ndicho ambacho yeye hana haki ya kukishika. Kwa lugha ya kijiweni: kapigwa chenga na kila mtu.

Najua mtanijibu. Mtasema, jamani, serikali inaendeshwa kwa kodi za wananchi, kwa hiyo inawajibika kwa wananchi. Mgeni apewe chakula na usalama, siyo makabati ya serikali. Hoja hii si ya kijinga. Ukiniuliza nani awe na haki ya kujua bajeti ya halmashauri ya Kasulu, nitasema raia atangulie, maana ni fedha zake.

Ila faili la mahojiano si bajeti. Halikutengenezwa kwa kodi peke yake, lilitengenezwa kwa maneno ya yule mama. Toa maneno yake, kinabaki jalada tupu na muhuri. Mtu akikuletea mahindi ghalani, huwezi kumwambia kesho yake kwamba ghala ni la raia tu. Kwa hiyo mimi nasema haki ya kulisoma faili lako haitokani na uraia, inatokana na kuandikwa. Aliyeandikwa ana dai. Katiba yetu nayo, ibara ya 18, inaanza na neno "kila mtu", na inazungumzia kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi. Inaelekea Katiba ilikuwa na moyo mpana kuliko sheria iliyofuata.

Tena huo uraia tunaoufanya kipimo, mara nyingine unaamuliwa na faili lenyewe. Tazameni yaliyowapata raia wa kaskazini mashariki ya Kenya. Wakati wa ukame na njaa, familia zao zilijiandikisha kambini Dadaab ili zipate mgawo wa chakula. Alama zao za vidole zikabaki kwenye daftari la wakimbizi. Walipofikisha miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ikasema: wewe ni mkimbizi. Sasa niambie, mtu kama huyo afanyeje? Ili alione faili awe raia, na ili awe raia faili lisahihishwe. Huo ni mduara, na ndani ya mduara huo vijana wamepoteza kazi, masomo na miaka.

Kuna mwanya mmoja kwetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtambua mhusika wa taarifa, yaani yule ambaye taarifa zinamhusu, na inampa haki ya kujua kilichokusanywa juu yake. Hapo sheria imeanza kuuliza swali langu: faili linamhusu nani? Ni mwanzo wa maana.

Sasa nigeuze upande wa pili, ambao unatugusa sisi wenyewe na ambao ni mgumu zaidi. Sisi raia tunayo haki ya kuomba. Tuseme mmoja wetu, mshikaji anayetaka kuandika riwaya juu ya Mtabila, anaandika ombi: naomba mahojiano yote ya 2011. Sheria ina vizuizi vya faragha, na huenda ombi likakataliwa. Lakini tuseme ofisa kapitiwa, au kachoka, na faili linatumwa. Na kama limepita kwenye tovuti ya wazi, basi nililopewa mimi kapewa kila mtu: msomaji wa Dar es Salaam, mtafiti wa Ulaya, na pia yule ambaye mama alimtaja kwa jina alipoulizwa "unamwogopa nani?" Mimi nimepata sura ya saba ya riwaya. Mama kapata nini?

Hapa ndipo ninapoona kasoro ya wepesi. Wahenga hawakuweka desturi ya hodi kwa ajili ya mapambo. Unabisha hodi mara tatu, na usipoitikiwa unageuka, hata kama mlango uko wazi na sauti za watu unazisikia. Maana yake ni kwamba kuwa na uwezo wa kuingia na kuwa na ruhusa ni mambo mawili mbalimbali. Zamani aliyetaka habari za mtu alilazimika kumtazama usoni, na uso wa mtu una namna ya kukwambia "basi, ishia hapo". Tovuti haina uso. Inauliza jina lako, swali lako, na ofisi unayoitaka. Haiulizi: je, mwenyewe anajua?

Wajerumani walikutana na jambo hili kwa kishindo. Dola ya Ujerumani Mashariki ilipoanguka, mafaili ya polisi wao wa siri, Stasi, yalibaki. Wengine walitaka yachomwe, wengine yamwagwe barabarani. Sheria waliyoipitisha mwaka 1991 ilichukua njia ya katikati: kuanzia Januari 1992 kila mtu aliweza kuomba kusoma faili lake mwenyewe, na maelezo ya watu wengine waliotajwa humo, ambao nao walikuwa wahanga kama yeye, yalifunikwa kwa wino mweusi. Uliyeandikwa, soma. Jirani yako aliyeandikwa pamoja nawe, mwachie siri yake. Sijaona bado kipimo cha haki kuliko hicho.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na anayepinga aandike, kurasa hizi ni zetu sote. Taarifa za ofisi ni za aina mbili. Zipo zinazohusu uamuzi, na zipo zinazohusu mtu. Za uamuzi ziombwe bila huruma. Nani aliamua kambi ifungwe siku ile? Mgawo wa chakula ulipunguzwa kwa amri ya nani? Majengo ya shule na zahanati yalikabidhiwa kwa nani, kwa maandishi gani? Hapo hakuna hodi, hiyo ni nyumba yetu wenyewe. Na ukijibiwa "hakuna kumbukumbu", tunza jibu hilo na tarehe yake, maana kukosekana kwa kumbukumbu nako ni habari. Lakini za mtu ni za mtu. Ukitaka kujua mama wa Mtabila alisema nini, mtafute mama. Akikwambia, andika. Akinyamaza, ukimya ni wake, usiende kuununua dirishani.

Mtasema: je, kama faili la mtu ndilo linaloficha uovu wa ofisi? Yapo hayo. Basi mwenye faili aongoze, wewe umsindikize. Na hapa ndipo raia ana kazi ambayo wachache wameifikiria. Kijana wa Nduta hana haki ya kuuliza kwa nini kambi aliyozaliwa ilifungwa, lakini mimi na wewe tunayo. Swali hilo ni la uamuzi, halimfichui mtu. Tunaweza kuliandika, kuliweka tarehe, kuhesabu siku 30, na jibu likija kulipeleka kwa wenye kuhusika kabla ya kulipeleka kwa mhariri. Haki yetu ya kuuliza inaazimika. Tusiwe wachoyo nayo.